Ng'ombe Huyu Katoka Wapi? Namna ya Kutunza Kumbukumbu Kuanzia Kijijini Hadi Vingunguti

Hereni ya kumtambulisha ng'ombe iko sikioni, sikio liko kichwani, na kichwa ndicho cha kwanza kuachana na mwili. Pale machinjioni, dakika chache baada ya kisu, kichwa kinakwenda upande wake, ngozi upande wake, matumbo upande wake, na mzoga unabaki unaning'inia bila jina. Kumbukumbu uliyoitunza miezi mitatu inaweza kupotea hapo hapo huku umesimama unaangalia. Nimeanzia mwisho kwa makusudi, kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za hereni wanadhani kazi imekwisha sikio likishatobolewa.

Mimi nanenepesha ng'ombe Chanika. Nanunua maksai wembamba kutoka bara, nawalisha kama siku 90 kwa pumba za mahindi, mashudu ya pamba, molasi na majani makavu, kisha nawapeleka machinjio ya Vingunguti, Dar es Salaam. Nyama nawauzia wenye bucha wawili na hoteli moja ya Masaki. Hiyo hoteli ndiyo iliyonitia kwenye kazi hii. Mpishi wao alinipigia simu akaniuliza, "Mama, ng'ombe huyu katoka wapi?" Nikamwambia Pugu. Akasema, "Pugu ni mnada, mama. Pugu hazaliwi ng'ombe." Alikuwa na haki. Pugu ni mnada wa upili, yaani wa pili baada ya ile ya vijijini. Ng'ombe wanaingia pale kwa malori kutoka Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, wanachanganyika jioni moja, na asubuhi wote wanaitwa ng'ombe wa Pugu.

Nitaeleza ninavyofanya tangu siku ile. Anayefuga, anayenunua, anayenenepesha na mwenye bucha, kila mmoja achukue kinachomhusu.

Anza na mfugaji, na umlipe

Siku hizi sehemu kubwa ya ng'ombe wangu nanunua upande wa Igunga, mkoani Tabora, kwa wafugaji ninaowajua. Ukifika kwenye boma la mtu, usianze na daftari. Salimia, kaa, kunywa maziwa ukipewa. Na kamwe usimuulize mwenyeji ana ng'ombe wangapi. Wafugaji wengi hawapendi kumtajia mgeni idadi ya mifugo yao. Wengine wanaona kuhesabu kunaleta mkosi, wengine wanaogopa kodi, wengine wanaogopa wezi, na wote wana sababu zao. Wewe uliza habari za wale unaowanunua tu.

Mara ya kwanza niliyofanya hivyo nilikuwa na mzee mmoja, maksai saba wamefungwa chini ya mkwaju. Nikamwamkia, akaitikia. Nikasema, "Mzee, hawa saba wote wamezaliwa hapa kwako?"

Akawaangalia mmoja mmoja. "Watano wangu. Hawa wawili wa mkwe wangu, kanipa niwauze pamoja."

"Na mkwe anachungia wapi?"

"Kule bondeni, kwenye majaruba ya mpunga. Kiangazi chote yuko kule."

Nikaandika hivyo hivyo: watano kwa mzee, wawili kwa mkwe, bondeni, majaruba. Kama ningechukua jina la muuzaji peke yake ningeandika saba wa mzee, na huo ungekuwa uongo ambao hakuna mtu aliyeusema. Angalia mbele utaona faida yake.

Sasa suala la fedha. Kwa kila ng'ombe anayekuja na hereni iliyosajiliwa, barua ya mtendaji wa kijiji inayothibitisha mwenye mali, na maelezo ya alikochungia na dawa alizopata, naongeza shilingi 15,000 juu ya bei tuliyopatana. Wenzangu wa mnadani waliniambia naharibu soko. Lakini piga hesabu. Mzoga wa kilo 160, mnunuzi wangu akiniongezea shilingi 500 kwa kilo kwa sababu najua historia yake, ni shilingi 80,000. Nikimpa mfugaji 15,000, bado nimebaki na 65,000 za karatasi, hereni na mshahara wa kijana anayeandika. Naamini kwa dhati kwamba mifumo hii inakwama hapa kuliko mahali pengine popote: taarifa zinatoka kwa mfugaji, faida inaishia mjini. Mtu hawezi kukutunzia kumbukumbu kwa miaka mitatu ili wewe peke yako ule matunda yake.

Wafugaji wana kumbukumbu ndefu na mambo haya. Mwaka 2017 walitakiwa kupiga mifugo yao chapa. Baadaye zikaja hereni za kielektroniki, ng'ombe mmoja shilingi 1,750, malalamiko yakawa mengi, na zoezi likasimamishwa. Kampeni ya chanjo na utambuzi iliyozinduliwa Simiyu Juni 2025 imekuja na hereni za bure, na mimi nimeona tofauti: mzee aliyekataa hata kusikia neno hereni mwaka 2022 sasa ananipigia simu kunitajia namba. Uruguay, ambako kila ng'ombe lazima atambuliwe tangu mwaka 2006, serikali ndiyo iliyogharamia hereni. Hawakuanza kwa kumtoza mfugaji.

Karatasi za njiani

Ng'ombe akitoka kijijini anatembea na vitu vitatu: barua ya kijiji, stakabadhi ya mnada kama amepitia mnadani, na kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa mtaalamu wa mifugo wa wilaya anakotoka. Kibali kinalipiwa kwa kontroo namba, na kinataja idadi, aina, anakotoka na anakokwenda. Kipige picha kabla ya kumpa dereva. Picha hiyo iwe kwenye simu yako na kwenye simu ya mtu mwingine aliyeko Dar.

Idadi kwenye kibali na idadi kwenye lori zilingane. Nilijifunza hili kwa uchungu. Kibali changu kilisema 18, dalali akampakia wa kumi na tisa "wa rafiki yake" mimi nikiwa sipo. Kwenye kizuizi kimoja njiani lori lilizuiwa usiku kucha, ng'ombe wamesimama bila maji, na asubuhi maksai wangu mmoja alikuwa amelala chini hainuki. Sikuweza kulalamika, kwa sababu waliomzuia walikuwa wanatimiza kazi yao: ng'ombe wa kumi na tisa hakuwa na mwenyewe. Tangu hapo mtu wangu anasimama mlangoni mwa lori anasoma namba za masikio, mmoja akipanda anaweka tiki.

Kuvalisha hereni bila kumtesa mnyama

Hereni iliyosajiliwa serikalini anaivalisha mtaalamu na inaandikwa kwa jina la mwenye mifugo. Usiinunue kichochoroni. Kama ng'ombe amekuja bila hiyo, mwite ofisa mifugo wa kata yako kabla hujamchanganya na wengine. Mimi naongeza hereni ya pili, ya plastiki ya rangi, inayouzwa maduka ya pembejeo za mifugo, naandika mwenyewe namba fupi ya zizi kwa kalamu yake maalumu. Ile ya serikali ndiyo utambulisho wake. Ya kwangu ni ya kuniwezesha kumsoma akiwa mbali, anakula.

Ukiwa na koleo mkononi, tazama sikio kwa ndani. Utaona mistari miwili ya gegedu inatoka kwenye shina kwenda kwenye ncha, na mishipa ya damu inapita karibu nayo. Toboa katikati ya mistari hiyo, kwenye theluthi ya kati ya sikio. Karibu sana na ncha itachanika akijikwaruza kwenye miiba. Karibu sana na shina sikio litavimba kwa kuwa hereni haina nafasi ya kupumua. Msumari uingie kutoka nyuma ya sikio, kitufe kibaki upande wa ndani. Chovya hereni na meno ya koleo kwenye dawa ya kuua vijidudu, hakikisha ng'ombe amebanwa vizuri kwenye kibanio, bana mara moja kwa nguvu hadi usikie mlio, achia. Ukisitasita mnyama anatikisa kichwa na sikio linapasuka. Mrudie baada ya siku kumi uangalie usaha na mabuu ya inzi. Msimu wa mvua kubwa, kama unaweza kusubiri, subiri.

Hereni ya kielektroniki ina namba ya tarakimu 15. Kwa viwango vya kimataifa, tatu za mwanzo zinaweza kuwa za nchi, na Tanzania ni 834. Ukikuta inaanza na 9, hiyo kwa kawaida ni namba ya mtengenezaji. Kisomeo, yaani kifaa cha kusoma namba hiyo, ni kizuri ukiwa na ng'ombe mia mbili. Ukiwa na arobaini kama mimi, namba imechapishwa juu ya hereni, macho na simu vinatosha. Piga picha ya sikio, kisha ya ng'ombe mzima ubavuni.

Hereni ikipotea, usivalishe nyingine kimyakimya. Andika tarehe, namba ya zamani, namba mpya, na ulimtambuaje: rangi, chapa, pembe, picha. Bila mstari huo una ng'ombe wawili kwenye daftari na mmoja zizini.

Daftari lenyewe

Natumia kaunta buku kubwa lenye jalada gumu, na kila Jumapili kijana wangu anapiga picha kurasa za wiki. Programu za simu zipo, lakini zizini kuna matope, mikono ina mafuta ya dawa, na chaji huisha. Ng'ombe mmoja, ukurasa mmoja. Huu hapa ukurasa wa mmoja wao kama ulivyo:

Hereni inaishia 4417, ya zizi 23. Maksai mwekundu, baka jeupe kwenye paji, pembe ya kushoto imekatika ncha. Chapa paja la kulia. Meno mawili. Ametoka kwa mkwe wa mzee, bondeni, majaruba ya mpunga, Igunga. Barua ya kijiji ipo, kibali kipo, lori namba imeandikwa. Kifua sentimita 138 siku ya kufika. Chanjo ya homa ya mapafu: amechanjwa kijijini, ofisa mifugo amethibitisha kwa simu. Siku ya 3: dawa ya minyoo. Siku ya 19: anakohoa, joto limepanda, kachomwa oksitetrasaiklini, mililita na namba ya chupa zimeandikwa, asichinjwe kabla ya siku 28 kupita. Siku ya 91: ametoka, Vingunguti.

Ule mstari wa siku ya 19 ndio wenye thamani kubwa kuliko yote, na ndio unaorukwa na watu wengi. Kila dawa ina muda wa kusubiri kabla ya kuchinja, umeandikwa kwenye lebo ya chupa, unatofautiana kati ya dawa na dawa. Andika tarehe anayoruhusiwa, siyo tarehe aliyochomwa tu, na iandike kwa wino mwekundu. Mtoto wa mtu atakula nyama ile. Nimewahi kumrudisha mteja aliyekuja na fedha mkononi kwa sababu maksai aliyemtaka alikuwa na siku sita zimebaki, na nitafanya hivyo tena.

Meno mawili, kwa asiyejua, ni yale makubwa ya mbele ya chini yaliyobadilika, yanaonyesha ng'ombe wa kama miaka miwili. Kifua napima kwa utepe nyuma ya miguu ya mbele. Mizani ni bora zaidi kwa aliye nayo.

Pale kichwa kinapoachana na mwili

Siku ya kuchinja naamka saa tisa usiku. Nafika Vingunguti na orodha ya namba kwa mpangilio wa watakavyoingia, nakala mbili: moja yangu, moja ya mkaguzi wa nyama. Nina bahasha ya lebo za karatasi ngumu iliyopakwa nailoni, zimetobolewa tundu, kila moja imeandikwa namba ya hereni mapema nyumbani. Kila ng'ombe ana lebo nne: moja kwa kila nusu ya mzoga, inafungwa kwa uzi kwenye kano la mguu wa nyuma, moja kwa ini na mapafu, moja kwa kichwa. Kijana wangu anasimama kwenye kichwa, mimi nasimama kwenye mzoga. Anasoma namba kwa sauti, naitikia, nafunga. Kichwa hakiondoki hadi nimeitikia.

Mwanzoni wachinjaji walinikasirikia, nawachelewesha. Nikazungumza na kiongozi wao, tukakubaliana ng'ombe wangu waingie mfululizo, wasichanganywe. Kuwachanganya ndiko kunakoharibu, siyo kasi.

Sasa turudi kwa wale saba wa mkwaju. Siku waliyochinjwa, mkaguzi alipasua maini. Matano yakapita. Mawili akayatupa: mirija imekakamaa, ndani yake minyoo bapa. Nikasoma lebo. Zote mbili za mkwe. Minyoo ile inatunzwa na konokono wa maji, na mzee alikuwa ameniambia kwamba mkwe anachungia majarubani. Nikampigia mzee simu kabla jua halijachomoza, mzee akampa simu mkwe. Sikumlaumu. Nilimweleza nilichokiona, nikamtumia picha, nikamwambia aende kwa ofisa mifugo wake aulize dawa inayoua minyoo ya ini, kwa kuwa si kila dawa ya minyoo inaiua, na ile niliyowapa mimi siku ya 3 haikuiua. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama, tangu niuze ng'ombe sijawahi kuambiwa ndani yao kulikuwa na nini."

Mtu amefuga maisha yake yote, wanyama wake wameliwa na maelfu ya watu wa Dar es Salaam, na habari haijawahi kurudi kwake hata mara moja. Kwa hiyo rudisha habari. Uzito wa mzoga, ini, mapafu, kila kitu. Kwangu hii ndiyo nusu ya pili ya malipo.

Hereni za waliochinjwa zikate vipande viwili, ziweke kwenye kopo, andika kwenye ukurasa kwamba zimekatwa. Hereni nzima iliyobaki mtaani itavalishwa ng'ombe wa wizi.

Ukitaka cheti

Kabla ya vyeti vya masoko ya nje, maliza vya nyumbani. Kuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, ijue. Jisajili Bodi ya Nyama, ambayo inasajili wafugaji, wafanyabiashara na wenye bucha. Kwa wateja wa nchi za Ghuba, Uarabuni, utaulizwa cheti cha afya cha mifugo na cheti cha halali, na kwa halali wengi wetu tunakwenda BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Soko la nyama ya ng'ombe la Ulaya si la kulikimbilia, ugonjwa wa miguu na midomo bado uko nchini. Lakini masharti yao yasome, kwa sababu mahoteli na maduka makubwa ya hapa yanaiga maswali yao. Ulaya walianza kudai hereni mbili na hati ya kila ng'ombe baada ya janga la kichaa cha ng'ombe. Sheria yao ya mwaka 2023 imeongeza swali la msitu: ng'ombe asiwe ametoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na nukta za ramani za kila alipofugwa zitolewe.

Swali hilo limetokana na nchi kama Brazil. Ndama anazaliwa kwenye shamba lililofyekwa Amazon, anahamishiwa shamba safi miezi ya mwisho, na kiwanda kinaandika shamba la mwisho tu. Niliposoma hayo nilikumbuka Pugu. Mnada wetu haumfichi ng'ombe kwa hila, lakini matokeo ni yale yale: anayeandika mahali pa mwisho anapoteza pa kwanza. Kwa hiyo ukiwa kijijini, fungua ramani ya simu, chukua nukta ya boma kwa ruhusa ya mwenyewe, iandike. Ni kazi ya dakika moja.

Wafugaji wadogo wasiende kutafuta cheti mmoja mmoja, gharama itawameza. Waende kama kikundi au ushirika, daftari moja la kijiji, mtunzaji mmoja anayelipwa kutokana na ile nyongeza. Igunga kuna vijana wawili wamemaliza kidato cha nne wanafanya kazi hiyo kwa maboma kumi na moja, na wanaandika vizuri kuliko mimi.

Mkaguzi wa cheti akija, hatasoma daftari lote. Atachagua namba moja, atasema nionyeshe. Kwa hiyo sisi tunafanya jaribio kila Ijumaa baada ya kulisha. Nafunga macho, naingiza mkono kwenye kopo, natoa nusu ya hereni, nampa kijana. Ana dakika kumi kuniletea ukurasa, barua ya kijiji, kibali, tarehe ya dawa na jina la bucha iliyochukua nyama. Ijumaa iliyopita ilitoka 4417. Ukurasa alileta kwa dakika mbili, kibali kwa dakika nne, bucha alinitajia kwa kichwa na daftari likamthibitisha. Barua ya kijiji haikuonekana. Tulitafuta hadi giza, tukaikuta imeshikana na ya ng'ombe wa zizi 24 kwa molasi iliyomwagika mezani. Jumatatu nimenunua faili la mifuko ya plastiki, mfuko mmoja kwa kila ng'ombe, na meza ya karatasi tumeitoa kwenye stoo ya chakula.